Mgawanyo wa Eneo: Historia ya Istilahi

Mfasiri akutanapo na dhana hii katika hisabati ya mawimbi, huenda akashawishika kuandika "utengano wa eneo". Historia yaonyesha kuwa neno hilo lapotosha.

Mwaka 1870, mwanahisabati Mjerumani Hermann Amandus Schwarz alichukua maumbo mawili yaliyoingiliana, duara na mstatili. Alikokotoa kwa zamu, kila umbo likipokea thamani za mpakani kutoka kwa mwenziwe, ili athibitishe kuwa jawabu lipo. Zama za kompyuta ziliigeuza njia hiyo kuwa kitayarishi, yaani hesabu inayoutayarisha mlinganyo utatuliwe kwa hatua chache, bila kubadili jawabu.

Hata hivyo, kwa mawimbi yatetemayo mara nyingi kwa sekunde, njia hiyo haikufaa: mpaka uliyarudisha mawimbi mithili ya ukuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Bruno Després wa Ufaransa aliweka masharti ya mpakani yaliyoruhusu mawimbi kupita.

Basi sehemu hizo hazikutengana. Ziligawana kazi huku zikipashana habari. Hivyo twapendekeza "mgawanyo", wala si "utengano".