Kanuni za Toyota katika wodi ya mifupa

KIKONGWE aliyeteleza bafuni na kuvunjika nyonga huhitaji upasuaji ambao kwa kawaida hauzidi saa mbili. Lakini tangu afikishwe hospitali hadi alazwe juu ya meza ya upasuaji, anaweza kungoja siku mbili, tatu au zaidi, na sehemu kubwa ya siku hizo hapatiwi tiba yoyote isipokuwa dawa ya maumivu. Hatari kubwa imo katika kungoja huko. Mzee anayelala chali bila kuweza kujigeuza hushikwa na nimonia, hupata vidonda vya mgandamizo, damu yake huganda katika mishipa ya miguu na fahamu zake huweza kuchanganyikiwa. Wengi wanaofariki baada ya ajali ya aina hii huuawa na madhara hayo, wala si na mfupa wenyewe.

Hali hiyo ndiyo iliyozifanya baadhi ya hospitali za Uingereza na Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kutafuta msaada mahali pasipotarajiwa, yaani katika viwanda vya magari vya kampuni ya Toyota ya Japani.

Chimbuko la kanuni zenyewe linatangulia magari hayo. Sakichi Toyoda, baba wa mwanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa mvumbuzi wa mitambo ya kufumia nguo, na mtambo uliokamilishwa mwaka 1924 ulisimama wenyewe pindi uzi ulipokatika, ili kasoro isiendelee kufumwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mhandisi Taiichi Ohno alilikuza wazo hilo katika karakana za Toyota. Alitaka kila kitu kifike pale kinapohitajika, wakati kinapohitajika na kwa kiasi kinachohitajika tu, na mfanyakazi wa ngazi yoyote awe na haki ya kusimamisha kazi anapoona kosa. Kitabu cha watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kilichotoka mwaka 1990 ndicho kilichoutangaza mfumo huo duniani, chini ya neno la Kiingereza ambalo hutumika pia kwa mnofu usio na mafuta.

Kiini cha mfumo ni vita dhidi ya upotevu, ambao Ohno aliugawa katika aina saba. Kwa Kijapani upotevu huitwa "muda". Ni sadfa tu ya lugha mbili zisizo na undugu, lakini msomaji wa Kiswahili aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali tangu alfajiri atakuwa wa mwisho kuishangaa.

Katika wodi ya mifupa aina hizo hazihitaji kutafutwa kwa tochi. Kuna kusubiri: picha ya eksirei, majibu ya damu, daktari wa usingizi, nafasi katika chumba cha upasuaji. Kuna kusafirishwa bila sababu, pale mgonjwa mwenye paja lililovunjika anapohamishwa kutoka machela moja hadi nyingine na kila hatua ikimtia uchungu. Muuguzi huzunguka wodi tatu akitafuta kifaa ambacho kingekuwa na mahali pake. Maelezo yaleyale huulizwa na kuandikwa upya na kila anayemwona mgonjwa. Mbaya kuliko zote ni kasoro, kwa sababu maambukizo yakiingia kwenye mfupa uliofungwa chuma, huenda mgonjwa akafanyiwa upasuaji mara ya pili na ya tatu.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Hospitali ya Royal Bolton, karibu na Manchester, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Mwaka 2005, chini ya mkurugenzi mtendaji David Fillingham, hospitali hiyo ilianza kuzifuata kanuni hizo, na wagonjwa waliovunjika nyonga walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufikiwa. Madaktari, wauguzi, wataalamu wa mazoezi ya viungo na makarani waliwekwa pamoja, wakaifuatilia na kuichora safari nzima ya mgonjwa, kuanzia mlango wa dharura hadi siku ya kurudi nyumbani. Kazi hii huonekana ndogo, lakini mara nyingi ndiyo inayowashtua wahusika, kwa kuwa kila mmoja huijua sehemu yake tu na hakuna aliyewahi kuiona njia yote kama mgonjwa anavyoipitia.

Mabadiliko yaliyofuata hayakuhitaji mitambo mipya. Ilitengwa sehemu maalumu ya kuwaimarisha majeruhi kabla ya upasuaji, kumbukumbu zilipunguzwa na utaratibu wa kuwapeleka wagonjwa katika chumba cha upasuaji ukapangwa upya. Hospitali ilitangaza kwamba vifo vya wagonjwa hao vilipungua kwa takriban theluthi moja, siku za kulazwa zikapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho, na makaratasi kwa asilimia 42.

Hakuna daktari wa Bolton aliyetakiwa kupasua kwa haraka zaidi. Mkono wa bingwa uliachwa ulivyo, na kilichoguswa ni saa nyingi zilizokuwa zikipotea kabla na baada yake. Wapinzani wanaodai kwamba binadamu si gari wana haki ya kusema hivyo, ila hoja yao huwa na nguvu pale tu mfumo unapotumiwa kumharakisha daktari au kupunguza wauguzi. Mfumo ukigeuzwa kuwa panga la kukatia ajira, wafanyakazi huacha kuonyesha makosa, na bila hao hakuna wa kuyaona.

Hata hivyo, takwimu za Bolton zastahili kusomwa kwa tahadhari. Zililinganisha hali ya kabla na ya baada katika hospitali moja, na katika miaka hiyo huduma ya nyonga iliimarika sehemu nyingi za nchi. Mwaka 2007 Uingereza ilianzisha daftari la taifa la wagonjwa waliovunjika nyonga, na kuanzia mwaka 2010 hospitali zilizompasua mgonjwa ndani ya saa 36 na kumshirikisha bingwa wa magonjwa ya wazee zilianza kulipwa zaidi. Katika hospitali zilizoshiriki daftari hilo, vifo ndani ya siku 30 vilishuka kutoka asilimia 10.9 mwaka 2007 hadi asilimia 8.5 mwaka 2011. Hapo kazi ilifanywa na kipimo pamoja na fedha.

Wala haraka peke yake haitoshi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa 2,970 katika hospitali 69 za nchi 17, uliwalinganisha waliopasuliwa takriban saa sita baada ya kugunduliwa na waliopasuliwa baada ya takriban saa 24. Vifo havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa: asilimia 9 kwa kundi la kwanza na 10 kwa la pili. Lakini waliowahi walichanganyikiwa kifikra kwa uchache zaidi, wakasimama mapema na kurudi nyumbani mapema. Kuziondoa siku za kungoja bila sababu ni jambo moja. Kushindana na saa ni jambo jingine.

Nchini Marekani, Kituo cha Tiba cha Virginia Mason cha Seattle kiliwapeleka viongozi wake Japani mwaka 2002 kujifunza kiwandani, na kikaanzisha utaratibu unaompa mfanyakazi yeyote haki ya kusimamisha tiba anayohisi ni ya hatari, mithili ya ule mtambo wa nguo. Baadaye kituo hicho kilizichunguza hata sinia za vifaa vya upasuaji wa uti wa mgongo. Vifaa vingi vilikuwa vikifunguliwa, havitumiki, kisha vinaoshwa na kutakaswa upya. Idadi yake ilipunguzwa kwa asilimia 70.

Kituo hichohicho kilikumbana na tatizo ambalo washabiki wa mfumo huu hupenda kulipita. Kiliwapanga upya wagonjwa wa maumivu ya mgongo ili waonwe haraka na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, badala ya kuanza na picha za gharama kubwa. Wagonjwa walirudi kazini mapema na waajiri wao, ikiwemo kampuni ya kahawa ya Starbucks, wakafurahi. Hospitali ndiyo iliyopata hasara, kwa kuwa bima ililipa vizuri kwa picha na kidogo kwa mazoezi. Ilibidi malipo ya mazoezi yaongezwe ili utaratibu uweze kudumu.

Afrika Mashariki ilipokea sehemu ya mafunzo hayo moja kwa moja kutoka Japani. Mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la Japani la JICA na mfano wa hospitali moja ya wanawake ya Colombo, Sri Lanka, nchi kadhaa za Afrika zilianza kufundishwa Kaizen, yaani uboreshaji wa hatua kwa hatua. Kwa Tanzania majaribio yalianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, na hatua tano za mwanzo zikapewa majina ya Kiswahili yanayoanza kwa herufi moja: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Hatua hizo humsaidia muuguzi kukiona kifaa pale alipokiacha na karani kulipata faili kabla mgonjwa hajachoka kusimama. Zina mpaka wake. Majeruhi wa bodaboda anayelala na mguu uliotundikwa uzito kwa sababu chuma cha kuunganishia paja hakijanunuliwa hawezi kupunguziwa siku kwa kabati lililopangwa vizuri. Mgonjwa wa aina hiyo huweza kukaa kitandani wiki sita au zaidi hadi mfupa ushike, na mara nyingine hushika ukiwa umepinda au mguu ukiwa umefupika.