Aleji ya panya wa labo: vumbi ndiyo adui

Mutu anayetunza panya, kobayi ao sungura wa labo anaweza kuanza kupiga chafya, macho kuwasha, kisha asma. Wengi wanasingizia manyoya. Kwa panya, mukojo ndio mbaya zaidi: unakauka kwenye matandiko ya kizimba, unageuka vumbi, na dume anatoa vitu hivyo vya kuleta aleji kuliko jike. Mara nyingi dalili zinatokea ndani ya miaka 3 ya kwanza.

Kubadilisha matandiko ndiyo saa ya hatari. Maski ya upasuaji haitoshe. Inaomba FFP2 inayoshika uso vizuri. Kufagia kavu, hapana, lowanisha kwanza. Bluzi ibaki kazini, isifuliwe nyumbani kwenye kuna watoto.

Kifua kinachobana siku za kazi na kulegea siku ya mungu kinaomba munganga mapema, juu asma inaweza kubaki hata kazi ikiachwa.