Kijana Mgonjwa Katika Vitabu vya Hadithi

Zamani mtunga hadithi akiisha kumtia kijana mgonjwa katika kitabu chake, alikuwa na njia mbili tu za kumaliza habari yake: afe, au apone.

Njia ya kwanza twaiona katika Jane Eyre, kitabu alichokitoa Charlotte Brontë huko Uingereza mwaka 1847. Humo Helen Burns, mwanafunzi mpole, anakufa kwa kifua kikuu. Habari hiyo ina asili yake: Maria, dada mkubwa wa Charlotte, aliugua ugonjwa uo huo shuleni, akafa mwaka 1825, umri wake miaka 11. Njia ya pili imo katika Heidi, hadithi ya Johanna Spyri wa Uswisi, iliyotoka mwaka 1880 na 1881. Klara, binti wa Frankfurt asiyeweza kutembea, anapelekwa milimani, anakunywa maziwa ya mbuzi, na mwisho anakwenda kwa miguu yake mwenyewe.

Hadithi hizo ni nzuri. Lakini kijana ambaye ugonjwa wake hauponi, akizisoma, atajiuliza: Na mimi je?

Jibu lilitoka kwanza kwa waganga. Zamani mtoto mwenye kisukari kikali hakuishi siku nyingi. Januari 1922, huko Toronto, nchi ya Kanada, kijana Leonard Thompson alipigwa sindano ya insulini. Hakupona, lakini aliweza kuishi na kisukari chake hata mwaka 1935. Ndiyo njia ya tatu: kuishi na ugonjwa kila siku. Watunzi nao wakaifuata polepole. Mwaka 1986 Ann M. Martin wa Marekani alianza kutoa hadithi za wasichana walezi wa watoto. Mmoja wao, Stacey, ana kisukari, na mwanzoni anawaficha rafiki zake.

Kuficha huko twakujua hapa Kongo. Tuna vijana wengi wenye ugonjwa wa damu tunaouita SS. Mtoto huzaliwa nao, akiurithi kwa baba na kwa mama pamoja. Hauambukizi, wala si uchawi. Hata hivyo majirani hunong'ona, na kijana hunyamaza na maumivu yake.

Wahenga walisema: Mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini mara nyingi sisi ndio tunaomfanya afiche.

Kwa hiyo yafaa vijana wasome hadithi za namna hii pamoja, kisha wazungumze. Kwa nini Stacey alinyamaza? Rafiki zake wangefanya nini asiogope? Kumsema jirani ni vigumu. Kumsema mtu wa kitabuni ni rahisi, na hakuna anayeaibika. Pengine katika duara hilo yumo mmoja mwenye SS, ambaye hajamwambia mtu. Atakuwa akisikiliza kila neno, apate kujua kama siku moja ataweza kusema.