Anayejifunza Kijapani kwa simu apitie Kiswahili kwanza

Mwaka wa 1906, mmishenari Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, alifika Gendia karibu na Kendu Bay, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Aliandamana na Peter Nyambo kutoka nchi tunayoiita Malawi. Hakukuwa na darasa la Dholuo lililowangoja. Walijifunza kwa masikio, miongoni mwa wenyeji. Baadaye Carscallen aliandika sarufi ya Dholuo, na mtambo wa kupigia chapa ukawekwa Gendia.

Nakikumbuka kisa hicho ninapomfikiria kijana wa Migori au Homa Bay anayetaka kujifunza Kijapani leo. Sababu anayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagasaki wamefanya kazi Mbita kwa miaka mingi, na serikali ya Japani hutoa ufadhili wa masomo. Vifaa navyo vipo, tena bila malipo. Jim Breen alianzisha kamusi yake ya kielektroniki ya Kijapani mwaka wa 1991. Mwaka wa 2006, Damien Elmes alitoa Anki, programu ya kadi za kukumbushia maneno, iliyotokana na juhudi zake mwenyewe za kusoma Kijapani. Duolingo nayo ikaongeza Kijapani mwaka wa 2017.

Tatizo ni nini basi? Kamusi ya Breen ilianza kwa kufasiri Kijapani kwa Kiingereza, na vifaa vingi vimefuata njia hiyo. Kijana huyu anabeba mizigo miwili: anatafsiri Kijapani hadi Kiingereza, halafu Kiingereza hadi lugha anayoifikiria. Akichoka, tunasema hana bidii!

Ilhali Kiswahili kingemfikisha upesi. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, kama Kiswahili. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Waingereza walipotuletea vazi, tuliliita shati. Wajapani wakaliita shatsu. Gari letu ni basi, lao ni basu. Irabu ndefu nazo hubadilisha maana: obasan ni shangazi, obaasan ni nyanya. Mkenya anayetofautisha kukata na kukataa, au kufa na kufaa, ameshaielewa kanuni hiyo.

Mjaluo ana akiba zaidi. Dholuo ina irabu tisa, kwa hivyo tano za Kijapani hazimtishi. Dholuo haina sh wala z, sauti ambazo Kijapani kinazo, lakini Kiswahili kilishamfundisha hizo shuleni. Aliyezoea kutamka "kwisha" hatashindwa na isha, yaani daktari.

Maandishi ndiyo mlima wenyewe. Hiragana ina herufi 46 za msingi, katakana vivyo hivyo, na orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida iliyotolewa mwaka wa 2010 ina 2,136. Hapo Kiswahili hakipunguzi kazi. Ni kadi na subira, kila siku. Ila ni afadhali maana iliyo nyuma ya kadi iandikwe kwa lugha isiyohitaji kutafsiriwa tena.

Shirika la utangazaji la Japani, NHK, limeonyesha kwamba jambo hili linawezekana: lina masomo ya bure ya Kijapani yanayofafanuliwa kwa Kiswahili. Na kule Japani, Nishie Masayuki, aliyezaliwa mwaka wa 1937, alichapisha sarufi ya Kiswahili kwa Wajapani wenzake akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei. Hakungoja Waswahili wamwandikie.

Sisi je? Idara zetu za Kiswahili zina wahitimu, na Anki humruhusu yeyote kuunda kadi zake na kuwagawia wengine. Kadi mia tano za Kijapani kwa Kiswahili, zilizokaguliwa vizuri, hazihitaji mtambo wa chapa kama ule wa Gendia. Zinahitaji watu wachache watakaokaa chini na kuziandika.