Pulau Ubin: kisiwa cha Singapore fasi baiskeli ndiyo gari

Kwa watu wengi wa Kivu, Ituri ao Tshopo, baiskeli ni kazi. Inabeba makala, ndizi na madumu ya mafuta ya ngazi. Kule Kisangani inabeba watu, na jina lake kila mtu analijua: toleka. Mtu mzima kupanda kinga siku nzima bila mzigo nyuma, kwa kuangalia tu miti na bahari, wengine watasema ni mchezo wa watu wenye nafasi. Labda. Lakini kuko kisiwa kimoja Asia ya kusini-mashariki ambacho leo kinajulikana kwa mchezo huo, na nyuma yake kuna habari ya ardhi, serikali na wakaaji ambayo watu wa huku wataielewa haraka.

Kisiwa kinaitwa Pulau Ubin. Ni cha Singapore, nchi yenye ukubwa wa kilometa mraba 730 hivi, maana yake haifiki hata sehemu moja kwa kumi ya Mbuga ya Virunga. Ndani ya nafasi hiyo wanaishi watu zaidi ya milioni tano. Ardhi haitoshi, kwa hiyo tangu zamani serikali imekuwa ikijaza bahari udongo ili kupata fasi ya nyumba, viwanda na uwanja wa ndege. Magari nayo yamefungiwa njia: tangu mwaka 1990, mwenye kutaka kuandikisha gari lazima kwanza anunue kibali kwa mnada, na katika mwaka 2023 kibali hicho kilipita dola 100.000 za Singapore, mbali na bei ya gari lenyewe.

Ubin iko kaskazini-mashariki ya kisiwa kikubwa, na ina kama kilometa mraba kumi. Hakuna daraja. Watu wanapanda boti ndogo ya mbao pale Changi, safari ya dakika kumi hivi. Boti haina saa ya kuondoka: inangoja watu kumi na wawili wajae, ndipo dereva anawasha moteri. Mtu wa Idjwi hatashangaa. Kinachoshangaza ni kwamba hali hii inaendelea ndani ya nchi ambayo treni zake za mjini zinahesabiwa kwa dakika.

Boti ndiyo inafanya barabara za Ubin ziwe tupu. Gari la mtu wa mjini haliwezi kufika. Kuko vigari vichache vya wakaaji vinavyobeba wageni na mizigo, basi. Ukishuka kwenye gati unakuta maduka ya kukodisha baiskeli yamepangana, unachagua, unajaribu breki (hilo la breki si la kusahau, sababu kuko miteremko mikali, na vibao vinaagiza watu washuke na kusukuma kwa mikono), halafu unaondoka. Njia kubwa imetiwa lami, nyingine ni za changarawe. Zinapita kati ya minazi, miti ya duriani na mashamba ya zamani yaliyorudi kuwa pori. Nguruwe pori wanatembea bila woga. Makako wamejifunza kwamba mfuko wa plastiki ndani ya kikapu cha baiskeli ni chakula, na hawangoji mwenyewe ageuke mara mbili.

Ndege wa kutazamwa zaidi ni hondohondo. Alikuwa amepotea Singapore tangu karne ya 19, lakini mwaka 1994 akaonekana tena Ubin. Jike wake anajifungia ndani ya tundu la mti, anaziba mlango kwa udongo na mavi, anabakiza ufa mdogo ambao dume anapitishia matunda. Juu ya kukosa miti mikubwa yenye matundu, watafiti walitundika masanduku ya kutagia. Ndege wakayakubali, wakaongezeka, na sasa wanaonekana hata kwenye kisiwa kikubwa.

Isidhaniwe kwamba pori hili halikuguswa. Kisiwa kilichimbwa vibaya. Jina Ubin lenyewe linatokana na mawe: granite ya huku ilijenga mnara wa taa wa Horsburgh katikati ya karne ya 19, na ikatumika pia kwa njia inayounganisha Singapore na Johor, Malaysia. Machimbo ya mwisho yalifungwa mwaka 1999. Mashimo yakajaa maji, yakawa maziwa yenye kuta za mawe, na korongo wakaja kujenga viota. Karibu na shimo la Ketam kulifunguliwa mwaka 2008 njia za baiskeli za milimani, kama kilometa nane, kwa wale wanaopenda kuruka mawe.

Fasi yenye thamani kubwa zaidi iko upande wa mashariki, inaitwa Chek Jawa. Hapo mikoko, mchanga, miamba, matumbawe yaliyovunjika, majani ya baharini na pori la pwani vyote vinakutana ndani ya hekta mia moja hivi. Serikali ilikuwa imepanga kupajaza udongo. Mwisho wa mwaka 2000, mtaalamu wa mimea Joseph Lai alifika na wanafunzi wakati maji yametoka, akaona viumbe vilivyotapakaa pale. Habari ikaenea. Katika mwaka 2001 watu wa kujitolea, pamoja na watafiti wa jumba la makumbusho la chuo kikuu, walitembea juu ya tope wakihesabu kaa, samaki-nyota na konokono, wakaandika, wakapiga picha, wakapeleka ripoti. Wakaaji wa mjini wakaja kwa wingi kuona kabla ya kupotea. Hawakurusha mawe wala kufunga barabara. Walihesabu. Mwezi wa kwanza 2002, kazi ikiwa imebaki kidogo ianze, serikali ikatangaza kwamba imeisimamisha kwa miaka kumi.

Mwaka 2007 kulifunguliwa njia ya mbao yenye kupita kilometa moja juu ya mikoko na bahari, pamoja na mnara wa kuangalilia. Baiskeli haziruhusiwi humo. Zinaachwa nje kwenye vyuma, mtu anaingia kwa miguu. Wakati mzuri ni maji yakishuka mpaka nusu metre ao chini yake. Mwenye kufika maji yakiwa juu ataona bahari tu. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, mvua kubwa upande wa Malaysia ilileta maji mengi ya mto, chumvi ikapungua, viumbe vingi vya Chek Jawa vikafa. Vilirudi kidogo kidogo.

Ile miaka kumi iliisha mwaka 2012. Udongo haukumwagwa. Lakini Chek Jawa haikuingizwa katika orodha ya hifadhi zinazolindwa na sheria, ambazo Singapore inazo nne. Serikali inasema itaacha Ubin jinsi ilivyo kwa muda mrefu iwezekanavyo. Hiyo ni ahadi, na ahadi haina nguvu ya sheria.

Wakaaji wanalijua hilo kuliko wageni. Zamani walikuwa kama elfu mbili, wachimba mawe, wavuvi na wakulima, Wachina na Wamalay. Leo wamebaki makumi machache, wengi wao wazee. Ardhi ni ya serikali, nyumba zao zinakaa kwa kibali. Mwaka 2013 familia kadhaa zilipata barua ambayo kichwa chake kilizungumzia kuhamishwa. Kelele ikawa kubwa, na serikali ikaeleza kwamba hakuna anayefukuzwa, ilihusu vibali na kodi ya kiwanja. Umeme wa mjini haufiki. Wanatumia jenereta za mazuti, na tangu 2013 kuko pia paneli za jua karibu na gati. Wenye maduka ya baiskeli wanaishi kwa siku za mwisho wa juma. Mvua ikinyesha Jumamosi, baiskeli zinabaki zimepangwa, na ile boti ya watu kumi na wawili inangoja sana.