Hataza ya Vulkanaiti na Mgogoro wa Meno ya Bandia Nchini Marekani, 1864–1881

Kabla ya katikati ya karne ya 19, meno ya bandia nchini Marekani yalikuwa anasa. Bamba lililokaa juu ya ufizi lilichongwa kutokana na meno ya kiboko, ambayo yalioza na kunuka kinywani, au lilifuliwa kwa dhahabu. George Washington, alipoapishwa kuwa rais mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu. Na meno yake ya bandia, kinyume cha hadithi inayorudiwa mno, hayakuwa ya mti.

Dawa ya usingizi ya etha, iliyoonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, iliondoa hofu ya kung’olewa meno, na hivyo idadi ya vibogoyo waliohitaji msaada ikaongezeka. Mwaka 1851 Nelson Goodyear alipata hataza ya mpira mgumu, yaani vulkanaiti, uliotokana na kupika mpira pamoja na salfa. Ukiwa bado laini, mpira huo ulishindiliwa katika kalibu iliyofuata umbo la kinywa cha mgonjwa, meno ya kauri yakiwa yamekwisha kupangwa humo, kisha ukapikwa kwa mvuke hadi ukakauka. Bamba lilishika vizuri, na gharama yake ilikuwa ndogo.

Unafuu huo ndio uliozua ugomvi. Mwaka 1864 John Cummings alipewa hataza ya bamba lenyewe, na kampuni ya Goodyear Dental Vulcanite iliyoimiliki ikawadai madaktari wa meno ada ya leseni pamoja na mrabaha. Wengi walikataa. Mweka hazina wake, Josiah Bacon, aliwashtaki mmoja baada ya mwingine, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha hataza hiyo. Tarehe 13 Aprili 1879 Bacon alipigwa risasi hotelini San Francisco na Samuel Chalfant, daktari wa meno aliyekuwa amehama mji hadi mji huku akiandamwa na kesi zake. Chalfant alifungwa. Kulieleza tukio hilo kuwa hasira za mtu mmoja tu ni kulirahisisha: madaktari walikuwa wakitozwa kwa kazi ya mikono yao wenyewe.

Hataza ilikwisha mwaka 1881. Vulkanaiti, sasa bila mrabaha, iliendelea kutumika hadi akriliki ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1930.