Kabla fundi hajapiga Windows upya

Umepeleka kompyuta ya zamani kwa fundi pale Kambarage, Shinyanga. Inawaka, lakini haifiki popote. Jibu unalijua: "Hii tupige Windows upya." Subiri kwanza. Mara nyingi kilichokufa ni mfumo tu. Picha za harusi na hesabu za duka bado zimo kwenye diski.

Ujanja huu ni wa siku nyingi. Miaka ya 1990 Tom Oehser alibana Linux ndogo kwenye flopi moja ya MB 1.44, tena akaivuta flopi yenyewe ibebe MB 1.722 (na ilikubali!). Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper akatoa Knoppix: unaweka CD, mashine inaamkia kwenye RAM, diski haiguswi mpaka wewe useme. Leo flashi inatosha.

Diski ikisoma kwa kusuasua, usianze kufungua mafaili. Tumia ddrescue ya Antonio Diaz, ya 2004: inanakili kwanza panaposomeka, ndipo inarudi kuhangaika na pabovu. Nakala ikishakaa kwenye diski nyingine, haya, fundi apige Windows yake.